Mchezo Usio na Refa: Kwa Nini Meneja wa Gemu Ajiwekee Kanuni

Mhadhara kwa walimu wa michezo na vijana wa Mhunze, wilayani Kishapu

Jambo nililokuja kulizungumza mchana huu wapo watakaoliona dogo: gemu. Sizungumzii gemu zote, ila zile ambazo mchezaji hagusi mpira hata mara moja, kwa sababu yeye ni meneja. Anasajili, anauza, anapanga kikosi, anagawa mishahara, kisha anakaa kutazama kompyuta au simu ikimwonyesha kilichotokea uwanjani. Gemu hizi zina umri mkubwa kuliko wengi wenu. Mwingereza Kevin Toms alitoa ya kwake, Football Manager, mwaka 1982. Ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, wakatoa Championship Manager mwaka 1992, na ile Football Manager inayojulikana leo, kazi ya kampuni yao ya Sports Interactive, ilianza kuuzwa mwaka 2004. Sasa zipo hadi za simu, na kijana wa Mhunze mwenye simu janja anaweza kuongoza klabu akiwa amekaa juu ya gunia la pamba. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili mnipime kwayo: gemu hizi hazimfundishi mtu uongozi mpaka ajiwekee kanuni zake mwenyewe, na kanuni iliyo bora ni ile inayomnyima kitu ambacho kocha wa kweli hana.

Tuanze na tendo dogo ambalo kila mcheza gemu analijua. Dakika ya 89. Timu ya kijana, aliyoibatiza Mwadui, inaongoza bao moja kwa sifuri ugenini. Kona inapigwa, beki anaruka na kukosa, mpira uko wavuni. Dakika ya tatu ya nyongeza linaingia la pili. Kabla filimbi ya mwisho haijalia, kidole gumba kimeshafanya kazi: gemu inafungwa bila kusevu, inafunguliwa upya, na ni asubuhi ya siku ile ile ya mechi. Kipa yupo, beki yupo, kona ile haijawahi kupigwa. Safari hii kijana anamwingiza beki wa tano mapema. Akifungwa tena, atarudi tena. Msimu ukiisha, kombe ni lake. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kawaida tunausoma msemo huo kama onyo la adabu. Mimi naomba tuusome pia kama maelezo ya namna ushindani unavyofanya kazi. Matokeo ya mechi yanakueleza jambo kuhusu timu yako kwa sababu yangeweza kuwa mengine, na kwa sababu ukishayapata huna pa kuyarudisha. Ukiwa na uwezo wa kuyakataa mpaka yakupendeze, yanabaki kukueleza jambo moja tu: ulipendezwa na nini. Beki aliyekosa ile kona alikuwa na habari ya kukupa kuhusu usajili wako, kuhusu mazoezi yako, kuhusu wachezaji uliowachosha. Umemnyamazisha kabla hajaisema.

Lipo swali la msingi hapa: kwa nini mtu ajifunge mikono pale ambapo hakuna aliyemfunga? Jibu lake liko kwenye ubao wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, nazo mara nyingi ni mbegu za komwe. Wasukuma wana mchezo wa jamii hiyo hiyo, isolo. Tazama mkono wa mchezaji ukiwa juu ya shimo: hakuna ukuta wowote unaomzuia kuzoa kete zote za mwenzake na kuzimwaga upande wake. Mbegu hazina kufuli. Kinachomfanya asambaze kete moja moja, shimo kwa shimo, na kinachomlazimisha kula pale palipo na mtaji, yaani nafasi ya kula, hata kama angependa kusubiri, ni kukubali kwake tu. Akiacha kukubali, hajawa mchezaji hodari zaidi. Amekuwa mtu mwenye mbegu nyingi. Mwanafalsafa Bernard Suits aliliweka wazo hili katikati ya kitabu chake cha mwaka 1978, The Grasshopper: kucheza ni kukubali kwa hiari njia iliyo ngumu wakati njia nyepesi ipo, kwa kuwa bila ugumu huo mchezo wenyewe haupo. Gemu ya umeneja ina kasoro moja ambayo bao halina. Kwenye bao mwenzako amekaa mbele yako na macho yake ni refa. Kwenye simu, mpinzani wako ni programu, na programu hailalamiki ukirudi nyuma mara kumi. Mchezo umekosa refa, kwa hiyo mchezaji analazimika kuwa refa wa nafsi yake.

Lakini kanuni gani? Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba kila kanuni ngumu ni kanuni ya kweli. Mtu anaweza kuamua kusajili wachezaji ambao majina yao yanaanza na herufi M pekee. Ni ngumu, na inaweza kufurahisha, ila haifundishi lolote kuhusu mpira, kwa kuwa hakuna kocha duniani anayeishi na shida hiyo. Kipimo ninachokipendekeza ni chepesi kukumbuka. Kabla ya kuandika kanuni, jiulize: gemu imenipa nini ambacho kocha wa uwanja wa Kambarage, Shinyanga, au wa Nyankumbu, Geita, hana? Ukijibu kwa makini utakuta vitu vinne. Gemu imekupa wakati unaorudi nyuma. Imekupa ujuzi wa mambo yaliyofichika, kwa kuwa imeandika uwezo wa mtu kwa namba. Imekupa fedha zinazoingia kwa mpangilio. Na imekupa mwili usiochoka na njia, kwa kuwa safari katika gemu hazina vumbi wala usiku wa kulala kwenye kiti cha basi. Kanuni inayokunyima kimoja kati ya hivi vinne ni kanuni ya uhalisia. Nyingine zote ni mazoezi ya subira. Hazina ubaya, ila si mada yetu ya leo.

Mtaniuliza ushahidi wa maisha ya kweli tunautoa wapi. Tunao hapa hapa, wala hatuhitaji kwenda Manchester kuutafuta. Chukueni klabu nne za ukanda wetu wa almasi, dhahabu na Ziwa. Stand United, Chama la Wana, iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15 na kushuka mwisho wa msimu wa 2018/19. Mwadui, klabu ya mgodi ulio ndani ya wilaya hii hii ya Kishapu, mgodi uliotokana na almasi alizozigundua John Williamson mwaka 1940, ilipanda kwa msimu wa 2015/16 na kushuka mwaka 2021. Mbao ya Mwanza ilikuwa Ligi Kuu kuanzia 2016/17 hadi 2019/20. Geita Gold ilipanda kwa msimu wa 2021/22 ikashuka mwisho wa 2023/24. Hesabuni pamoja nami: misimu 5, misimu 6, misimu 4, misimu 3. Jumla ni misimu 18 kwa klabu nne, wastani wa misimu minne na nusu kwa kila moja. Ndani ya miaka kumi zote nne zilipanda na zote nne zilishuka. Sasa linganisheni na gemu isiyo na kanuni, ambayo misimu mitano inamtosha mtu kuitoa timu madaraja ya chini na kuipa ubingwa wa bara. Pengo kati ya safari hizi mbili ndilo somo letu. Makocha wa klabu hizi hawakuwa wajinga. Fred Felix Minziro aliifikisha Geita Gold nafasi ya nne katika msimu wa kwanza wa klabu hiyo Ligi Kuu, na Jamhuri Kihwelo, Julio, ndiye aliyeipandisha Mwadui. Pengo lile limejazwa na vitu ambavyo gemu haivihesabu.

Wakati unaorudi nyuma tumeshauzungumza; kitu cha kwanza kati ya vitatu vilivyobaki ni ujuzi. Katika Football Manager sifa za mchezaji zimeandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 20, na nyuma ya pazia kuna kipimo kingine cha uwezo wake wa leo na wa kesho kinachofika 200. Namba hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Zinakusanywa na watu waliotapakaa nchi mbalimbali ambao wanatazama mechi na kutoa makadirio, na kazi yao ni nzuri kiasi kwamba mwaka 2008 klabu ya Everton ilifanya makubaliano ya kuitumia kanzidata hiyo kutafuta wachezaji. Ila makadirio ni makadirio. Wakongwe wa Championship Manager 01/02 wanamkumbuka mshambuliaji Tó Madeira wa klabu ndogo ya Gouveia nchini Ureno, aliyefunga mabao kama mvua katika kompyuta za watu wengi, mpaka ikabainika kuwa mchezaji wa namna ile hakuwapo, alibuniwa. Kisha mtazameni mtu wa kweli. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga, na baadaye akaenda kuchezea Lupopo ya Lubumbashi. Kabla ya msimu ule kuanza hapakuwa na namba 17 iliyoandikwa kifuani pake. Aliyemsajili alimtazama, akabahatisha, akasubiri. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayoipendekeza ni hii: usimsajili mchezaji ambaye skauti wako hajamwona katika mechi, usifungue orodha za vipaji zinazosambazwa mtandaoni, na kama klabu yako ni ya daraja la chini, usivuke mipaka ya mikoa ambayo gari la klabu lingeweza kufika. Utasajili watu wabovu, na hapo ndipo utakapoanza kujifunza kazi ya skauti.

Kitu cha pili ni fedha, na hapa ukanda wetu una ushahidi mwingi kuliko sehemu nyingi. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliidhamini Stand United, na klabu ya watu wa stendi ikawa na kocha Mfaransa, Patrick Liewig. Mwaka uliofuata ukazuka mgogoro wa nani mwenye klabu: wanachama, au kampuni iliyoundwa kwa jina lake. Udhamini ukaondoka. Hakuna beki aliyekosea, hakuna mfumo ulioshindwa uwanjani. Fedha ilipotea kwa jambo lililotokea mezani. Geita Gold nayo ni mali ya halmashauri, na uti wa mgongo wake umekuwa mgodi wa dhahabu wa GGML. Klabu ya namna hii inaishi kwa uamuzi wa watu ambao kocha hawaoni na hawezi kuwapanga katika kikosi. Gemu nyingi zina bajeti, zina bodi, zina madeni, lakini mdhamini anayeamka asubuhi na kuondoka kwa sababu ya ugomvi wa wanachama ni nadra kumkuta humo. Basi mlete wewe. Kila mwaka, kabla ya mechi ya kwanza ya ligi, rusha dadu. Ikitua kwenye moja, mdhamini ameondoka: bajeti ya mishahara ishuke hadi nusu, uza au achia wachezaji mpaka hesabu itimie, hata kama gemu inakuonyesha akaunti imejaa. Nimechagua moja kati ya sita kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Anayeona klabu yake imekaa pabaya zaidi aongeze na mbili. Faida ya dadu ni kwamba itakubadilisha hata katika miaka ambayo haikutua kwenye moja. Utaanza kuandika mikataba mifupi. Utaanza kumlea kijana wa timu ya pili mapema, ukijua kwamba anayelipwa vizuri leo huenda asiwepo mwakani. Hizo ndizo tabia za kiongozi anayeishi na hatari.

Kitu cha tatu ni njia. Mwadui na Ndanda ya Mtwara zilikuwa pamoja Ligi Kuu kwa misimu kadhaa. Kutoka Shinyanga hadi uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, ni kama kilomita 1,500 kwa barabara, na kurudi ni nyingine kama hizo. Gemu itakuambia mchezaji wako yuko tayari kwa asilimia 95, kwa kuwa imepima dakika alizocheza na haijapima magoti yaliyokunjwa tangu Singida. Kanuni ya njia inaweza kuwa fupi: ukisafiri zaidi ya kilomita 1,000, wachezaji watatu walioanza mechi iliyopita lazima waanzie benchi. Hiyo tu. Haigusi programu, haihitaji fundi, na ndani ya msimu mmoja itakufanya uijue ramani ya Tanzania kwa namna ambayo kitabu cha jiografia hakikufanya.

Kanuni zikishapatikana, namna ya kuziweka nayo ina adabu yake. Tujifunze kwa wenye mpira. Idadi ya wachezaji wa kigeni ambao klabu ya Ligi Kuu inaruhusiwa kuwasajili imepanda kwa hatua: saba msimu wa 2015/16, kumi msimu wa 2018/19, kumi na mbili kuanzia 2021/22. Watu wamebishana sana juu ya namba hizo, kila upande na sababu zake, lakini namba hubadilika kati ya msimu na msimu, haibadiliki Jumamosi saa kumi kwa kuwa timu fulani imefungwa. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Andika kanuni zako kwenye daftari kabla ya msimu, zisizidi tano, kila moja iwe na kipimo ambacho mtu mwingine angeweza kukikagua. Maneno kama “nitakuwa mkweli” hayakaguliki. “Sitarudisha mechi iliyokwisha” yanakaguliwa. Ukigundua katikati ya msimu kwamba kanuni ni mbovu, iandike pembeni na uivumilie hadi ligi iishe, ndipo uifute. Ongeza na adhabu, kwa kuwa kanuni isiyo na adhabu ni nia njema tu. Ukiivunja, klabu ipoteze dirisha moja la usajili. Huko Ufaransa, msimu wa 2022/23, klabu ya Reims ilimtumia kocha Will Still, kijana ambaye mwenyewe amekuwa mpenzi wa Football Manager, akiwa bado hana leseni ya juu inayotakiwa, na klabu ikawa inatozwa euro 25,000 kwa kila mechi. Reims ililijua deni la uamuzi wake, ikalilipa, ikaendelea. Kanuni yenye gharama inayojulikana inamfanya mtu apime kabla ya kuivunja, na kupima ndiko kuongoza.

Sasa nijibu pingamizi, nikianza na lile linalosikika zaidi: hii ni burudani, mtu ametoka kazini amechoka, mwacheni ashinde. Nakubali kabisa kwamba hakuna dhambi ndani yake, na anayetaka kushinda tu ashinde kwa amani. Ninachokataa ni dhana kwamba kanuni ni adui wa raha. Watoto wanaocheza chandimu wamejitungia kona tatu penalti bila kuagizwa na mwalimu, kwa kuwa waligundua kwamba mchezo wao ulihitaji kitu hicho ili uwe mtamu. Pingamizi la pili linasema uhalisia ni kazi ya watengenezaji, wao ndio wanaolipwa. Wanafanya sehemu yao, ila angalieni mipaka yake: kwa miaka mingi Afrika Kusini ndiyo nchi pekee ya bara letu ambayo ligi yake iliwekwa katika Football Manager kuchezeka moja kwa moja. Anayetaka ligi yetu analazimika kuijenga mwenyewe au kuipata kwa wapenzi wenzake waliojitolea kuijenga. Tukisubiri mtu wa London atuandikie mgogoro wa wanachama wa Stand, tutasubiri sana, na hata akituandikia atauandika kwa kusikia. Mcheza kwao hutunzwa. Anayejua kwao ndiye wa kuziandika kanuni za kwao.

Wapo watakaosema kanuni isiyo na shahidi haina nguvu, kwa sababu aliyeitunga ndiye anayeisamehe. Ni pingamizi zito, kwa hiyo nawapa mfano mkubwa. Athletic Bilbao ya Hispania imecheza tangu mwaka 1912 kwa kutumia wachezaji wa asili ya Kibaski au waliolelewa kisoka katika nchi ya Wabaski. Hakuna shirikisho linaloilazimisha. Kila dirisha la usajili mlango uko wazi, na kila dirisha klabu inaamua upya kutoupita. Pamoja na Real Madrid na Barcelona, ni moja ya klabu tatu ambazo hazijawahi kushuka kutoka ligi kuu ya nchi hiyo. Kujifunga kwa hiari kumewalazimisha kulea vijana kwa bidii ambayo matajiri wengi hawaihitaji. Kwa aliye mdogo kama sisi, daftari lenye tarehe na rafiki mmoja wa kulikagua vinatosha kuwa shahidi.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonigusa kuliko yote. Kijana anaweza kuniambia: mzee, maisha yetu yana mabasi mabovu na wadhamini wanaokimbia, kwa nini uniletee umaskini huo hadi ndani ya ndoto? Niache niipeleke Mwadui fainali ya Afrika, hata kama ni kwenye kioo cha simu. Nasema ipeleke. Kanuni ninazozitetea hazikukatazi kupanda. Zinakutaka ulipe nauli ya kila ngazi, ili ukifika juu uwe unazijua ngazi ulizozipanda. Anayeifikisha klabu juu kwa kurudisha mechi nyuma, kesho akikabidhiwa timu ya kata hatakuwa na chochote cha kuikabidhi. Anayeifikisha kwa kuponea dadu mara tatu na kwa kuuza mshambuliaji wake bora ili kipa apate mshahara, huyo ana mawazo ya kupeleka kwenye kikao cha klabu hapa Mhunze: mikataba iwe na urefu gani, katiba itenganishe vipi wanachama na kampuni, akiba ya miezi mingapi iwekwe benki kabla ya kusajili. Tena mpira wa kweli haukatazi maajabu. Yanga ilicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, rekodi ambayo mtu akiikuta kwenye gemu angesema imetiwa chumvi. Ilikatwa na Ihefu tarehe 29 Novemba 2022 kule Mbarali, kwa mabao 2–1. Muujiza na mwisho wake vyote viwili vilikuwa vya kweli, na vyote viwili vina thamani kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uwezo wa kufungua siku ile upya.

Nimalize na jambo lililowahi kuutikisa mpira wa ukanda huu. Februari 2016, katika siku ya mwisho ya kundi lao la Daraja la Kwanza, Geita Gold ya wakati ule iliifunga JKT Kanembwa mabao 8–0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7–0. Timu mbili zilizogombea nafasi moja ya kupanda zilikuwa zikihitaji mabao mengi, na mabao mengi yakapatikana. Aprili mwaka huo shirikisho la mpira la nchi, TFF, lilizikuta klabu zote nne na hatia ya kupanga matokeo na kuzishusha. Silinganishi kosa lile na kijana anayerudisha mechi kwenye simu yake, kwa kuwa yeye hakumwibia mtu. Nalinganisha matokeo yenyewe: mabao nane yaliyoandikwa kwenye karatasi bila kueleza lolote kuhusu ubora wa aliyeyafunga ni ndugu wa kombe lililopatikana kwa kufungua gemu upya. Ila tazameni kilichofuata baada ya kanuni kusimama. Nafasi ya kupanda iliangukia Mbao ya Mwanza, timu ambayo hakuna aliyekuwa ameipangia lolote. Mwaka mmoja baadaye Mbao waliitoa Yanga kwa bao 1–0 pale uwanja wa Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakaenda Dodoma kuwasumbua Simba hadi muda wa nyongeza, wakafungwa 2–1. Hadithi ile haikuwamo katika hesabu ya wale waliopanga. Ilikuwa inangoja mtu mmoja tu mezani akatae matokeo ya uongo. Nanyi vijana, msimu wenu ujao ukianza, chukueni daftari na kalamu kabla hamjagusa simu, kwa sababu Mbao yenu nayo inangoja.